Karavani ya Mwalimu Patroba

Katika Mokowe yote, mwaka ule wa sitini na nane, mtu mwenye bima alikuwa mmoja tu, na alihakikisha kila mtu anajua. Mwalimu Patroba aliweza kulitaja jambo hilo hata pale lisipohusika. Ukimwambia mvua imezidi, alikwambia yeye amekata bima. Ukimwambia ng'ombe wa fulani amekufa, aliuliza kwanza kama alikuwa na bima. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia "naam," kisha wakaenda zao wakiamini kwamba hiyo ni homa ya watu wa bara na wala haiambukizi.

Kilichokatiwa bima kilikuwa karavani, yaani nyumba ya bati yenye magurudumu, ile inayovutwa na gari. Ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, kabati na jiko dogo la mafuta ya taa. Aliinunua kwa daktari wa mifugo, Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao na ambaye hakutaka kuikokota katika matope yote yale mpaka Mombasa. Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu. Patroba akaiegesha nyuma ya darasa, karibu na mikoko, akaizungushia ua wa makuti, akaingia ndani na kufunga mlango. Miaka minne alikaa hivyo.

Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alifundisha vizuri, hakuwachapa watoto ovyo, na salamu alizijibu zote. Ila alikuwa na hofu moja iliyomtafuna, hofu ya kuwiwa fadhila. Huko kwao Maragoli alilelewa na ami yake, na kila tonge alilokula kwa ami yake alikumbushwa baadaye, mbele ya watu. Akakua akiapa kwamba hatakula tena cha mtu. Basi ukimwalika arusini, alishukuru na hakuja. Ukimletea samaki, alitaka kumlipia, na usipopokea pesa alikurudishia samaki wako. Watu wa Mokowe walimpelekea samaki mara mbili tatu, halafu wakaacha. Bima ilimfaa mtu wa namna hiyo. Unalipa, unapewa risiti, na hakuna atakayekusimanga.

Tatizo lake lilikuwa mkewe. Rosebella alikuwa amebaki Maragoli kwa mama mkwe, na tangu waoane walikuwa wakionana likizo kwa likizo. Krismasi iliyopita Patroba alikwenda nyumbani akamsimulia habari za karavani, akatia na chumvi kidogo: madirisha ya kioo, kabati lenye kitasa, na zaidi ya yote, bima. Rosebella alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa.

"Mtoto akichemka usiku na wewe hupo," alisema, "nitabisha mlango wa nani?"

"Nimekwambia, kuna bima."

"Sikukuuliza nyumba, Baba Kageha. Nimekuuliza mlango."

Patroba alicheka peke yake. Rosebella akaweka mboga chini, akamwambia kwamba atakuja mwezi wa nane, mara moja, ajionee kwa macho yake. Akiona pa kuishi atakaa. Asipoona atarudi, na Patroba asijisumbue kumtumia nauli tena. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Patroba aliogopa.

Mwezi wa saba ukaenda ukingoni. Shule ilikuwa karibu kufungwa, na Patroba alikuwa amekwisha kupaka karavani rangi nyeupe na kununua shuka mpya, wakati tufani ilipokuja. Ilikuja alasiri, watoto wakiwa darasani wanaimba hesabu. Kwanza anga iligeuka rangi ya majivu, kisha upepo wa kusi ukaja kwa kishindo kutoka upande wa mlango wa bahari, na makuti ya paa yakaanza kuruka moja moja. Patroba aliwakusanya watoto ukutani. Alipopata nafasi ya kutazama nyuma ya darasa, ua wake haukuwapo. Karavani nayo ilikuwa imekata kamba zake, ikabingirika mara moja, ikabingirika tena, ikatua mikokoni imelala ubavu, maji ya chumvi yakiingia na kutoka kwa nafasi yake.

Mvua ilipokatika alikwenda kuiangalia. Ubavu mmoja ulikuwa umechanika toka dirishani hadi chini, kiasi mtu angepita wima. Paa lilikuwa na tundu. Shuka mpya zilikuwa zimejizungusha kwenye mizizi ya mikoko. Alisimama kwenye tope mpaka miguu ikaingia baridi, akili yake yote iko kwa Rosebella, ambaye siku hizo hizo alikuwa akifunga sanduku lake. Halafu akakumbuka bima, akapumua.

Hakusema na mtu. Alilala darasani, na alfajiri akapanda basi la Mombasa. Watu walimwona akipita na mkoba wake kwapani, wakamsalimu, akaitikia bila kusimama.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani, ina feni. Karani alimpokea vizuri, akaandika alichoambiwa, kisha akamwonya jambo moja: kitu chochote kisiguswe mpaka mkaguzi akione kwa macho yake. Hata kioo kilichovunjika kisiokotwe.

"Hakuna atakayegusa," Patroba alimjibu. "Watu wa kule hawana habari na mimi."

Alilisema kwa kujivuna kidogo. Mkaguzi mwenyewe alikuwa Voi kwenye ajali ya lori, kwa hiyo Patroba alikaa Mombasa zaidi ya wiki akimngojea, na katika kuzurura akaiona karavani nyingine. Ilikuwa inauzwa kwenye karakana moja njia ya Changamwe: kubwa kuliko ile, madirisha yana mapazia, na kitanda cha mtoto kimetengwa pembeni. Alimwomba mwenye karakana asiiuze kwanza. Fidia ikilipwa, ataichukua. Kila alipopita njia ile aliingia kuitazama, na kila alipoitazama alimwona Rosebella ameketi dirishani. Alishakata shauri kwamba ndoa yake imo ndani ya kile kibati chenye mapazia.

Siku ya gari moshi la mkewe alikwenda stesheni. Rosebella alishuka na mtoto mgongoni na sanduku la mbao lililofungwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Patroba alimwambia nyumba ni nzima na inamngojea. Alikusudia kumweleza ukweli njiani, taratibu, pengine baada ya Malindi. Kabla ya Malindi mkaguzi alimsaidia.

Mkaguzi huyo, aliyekwisha kurudi kutoka Voi, aliitwa Crispus, kijana wa Machakos, mchangamfu, mwenye tai hata ndani ya basi lile la vumbi. Aliketi nyuma yao na kumpa mtoto biskuti.

"Pole sana, Mama," alimwambia Rosebella. "Lakini usihofu. Nyumba ikishaharibika kabisa ndipo kampuni hulipa vizuri."

Rosebella alimgeukia mumewe. Patroba alitazama nje ya dirisha, ambako hakukuwa na la kutazamwa.

"Nyumba iko wapi sasa?" aliuliza Rosebella.

"Iko mikokoni," akajibu Patroba. "Imelala. Lakini kuna bima."

Walivuka Tana kwa pantoni, wakapita Witu, na Rosebella amekaa kimya, mkono mmoja juu ya sanduku. Patroba alimfahamu mkewe. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Waliingia Mokowe mchana, jua kali. Patroba alitangulia mbele ya Crispus akimwonya juu ya tope, akamwambia avue viatu, kwa sababu karavani iko ndani kabisa ya mikoko. Walipozunguka pembe ya darasa alinyamaza katikati ya neno.

Karavani ilikuwa imesimama mahali pake. Imesimama wima, magurudumu yake juu ya magogo, na ua mpya wa makuti umeizunguka pande zote. Ule ubavu uliochanika haukuwa wa bati tena. Ulikuwa wa mbao, mbao pana zilizochongwa kwa tezo na kupindwa kidogo kama ubavu wa mashua, zimepigwa misumari mirefu, na katikati ya mbao na mbao mmetiwa kalafati, ile pamba iliyochovywa mafuta ambayo mafundi wa vyombo huishindilia ili maji yasipenye. Paa nalo lilikuwa limezibwa. Ukuta wote wa mbao ulikuwa umepakwa sifa, mafuta ya papa, na sifa ina harufu yake. Crispus alitoa leso akaiweka puani.

Furaha ilimpanda Patroba, lazima tuseme kweli, ikampanda mpaka kooni. Haikukaa hata kidogo.

"Mwalimu," Crispus alisema kupitia leso, "hasara iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Mimi naona nyumba imesimama."

"Wameitengeneza! Mimi sikuwapo!"

"Kina nani?"

Rosebella hakungoja jibu. Alipanda ngazi na mtoto aliyekwisha lala, akaingia ndani, akaliacha sanduku lake nje na kamba zake.

Crispus hakuwa mtu wa roho mbaya. Aliizunguka karavani mara mbili, akagonga mbao, akapiga magoti akachungulia chini, kisha akaketi juu ya sanduku la Rosebella na karatasi zake mapajani. Alieleza kwamba kampuni hulipa kile ambacho mkaguzi amekiona. Masimulizi haipokei, hata yawe ya shehe au padri. "Ninachoweza kukusaidia," alisema, "ni kimoja. Ng'oa hizi mbao. Nioneshe tundu, nami nitaandika tundu. Fidia utaipata yote."

Patroba aliutazama ukuta. Akaikumbuka ile ya Changamwe, mapazia yake na kitanda cha mtoto. Alikuwa na haki, alijiambia. Amelipa ada zake miaka yote na hakuna mtu aliyemwomba afanye alichofanya. Akaenda darasani, akarudi na nyundo na mtaimbo wa kuchimbia mashimo.

Aliuingiza mtaimbo kati ya mbao mbili, akaegemea kwa uzito wake wote. Hakuna kilichosogea. Akaingiza mahali pengine. Crispus alivua tai, akashika naye, wakavuta pamoja mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na mtaimbo ukateleza kwenye sifa wakaanguka wote wawili matakoni. Wakainuka na kuanza kuupiga ukuta kwa nyundo. Kelele zikafika pwani.

Bwanamkuu alikuja kifua wazi, kikoi chake kimefungwa juu, mkononi ana patasi. Huyu alikuwa fundi wa vyombo, mzaliwa wa Matondoni, kijiji cha waunda mashua, aliyehamia Mokowe alipooa, na kama ana ila basi ni kwamba aliipenda kazi yake kuliko alivyowapenda watu wengi. Nyuma yake alifuata mkewe, Bi Mwanamkisi, anayeuza mahamri gatini, unga bado mikononi.

"Wafanyani hapo, Mwalimu?" Bwanamkuu aliuliza.

"Natoa hizi mbao, Fundi. Mara moja tu."

"Mbao hizo nimezitia mimi. Hazitoki. Hizo ni za kwenda Mogadisho na kurudi."

Patroba alimweleza. Alimweleza habari za kampuni, na mkaguzi, na tundu ambalo lazima lionekane. Kadiri alivyoeleza, uso wa Bwanamkuu ulizidi kukunjika, si kwa kutoelewa. Alielewa vizuri sana.

"Yaani wataka nikuvundie kazi yangu, huyu kijana atazame, kisha ende zake?"

"Ndiyo sheria yao."

"Siivundi. Kesho watu wa Matondoni watapita hapa, waone mbao zangu ziko tini, waseme Bwanamkuu amezeeka, kazi yake haikukaa hata mwezi. Siivundi, na mtaimbo huo uweke."

"Swiswi twalidhani umekwenda Mombasa kununua misumari," Mwanamkisi aliingilia, kwa sauti ya kutuliza. "Hukutuaga. Tukasema, maskini, ana haraka, nyumba yake imeanguka. Chombo kimelala ubavu, bamvua lakaribia, mwenyewe yuko safarini. Hukiwataye? Maji makuu yakiya hayakiwati."

Kwao kukiacha halikuwa jambo la kujadiliwa. Chombo cha mtu aliye safarini kikilala ubavu ufukoni, hakingojewi mwenyewe. Anayekiona anaita mwenziwe, kamba zinaletwa, kinavutwa, kinazibwa, mwenyewe akirudi anakikuta juu ya magogo. Wao na baba zao wamefanya hivyo miaka yote. Kwamba hiki kilikuwa na magurudumu lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo, si la kubadilisha kitu.

Lakini Patroba alikuwa na joto, na tope, na sifa nguoni, na macho ya Crispus mgongoni, na mke aliyenyamaza ndani. Lile neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Nani aliwaomba?"

Mwanamkisi alipangusa unga mikononi, polepole, ingawa haukuwa ukimsumbua. Bwanamkuu alimtazama Patroba, kisha akautazama ukuta wake. Ami yake Patroba huko Maragoli alikuwa na maneno mengi ya kumuumiza mtu, lakini hata yeye hakuwahi kumwambia mtu hilo, na Patroba alilijua palepale. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

Mlango wa karavani ukafunguka. Rosebella alisimama ngazini, na mikononi alikuwa na picha yao ya arusi, ile iliyopigwa Kisumu. Ilikuwa imejikunja pembeni na kufifia, lakini ilikuwa imekaushwa, na ikabandikwa upya juu ya kadibodi.

"Ndani ni pakavu," alisema. "Shuka zimefuliwa na kukunjwa. Vitabu vyako vimetandazwa ukurasa kwa ukurasa, kuna majani ya mwarobaini katikati wadudu wasiingie. Nani amefanya haya, Baba Kageha?"

"Watu wa hapa."

"Watu gani?"

"Huyu, Fundi Bwanamkuu. Na Bi Mwanamkisi."

"Nyumba hii imeinuliwa na watu wawili?"

Patroba alimtazama Bwanamkuu, kama mtoto anayetafuta jibu usoni mwa mwalimu. Bwanamkuu alitazama pwani.

"Kuna yule mwenye duka," Patroba alisema. "Pengine ndiye aliyetoa misumari. Na yule mwenye punda. Na... kuna mama mmoja mjane, nyumba yake iko karibu na kisima."

"Majina yao."

Hakuyajua. Miaka minne alinunua mafuta ya taa kwa mwenye duka na kumwita mwenye duka. Aliwafundisha watoto wa watu wale, akayajua majina ya watoto, na ya baba zao aliyaona kwenye rejista kila asubuhi, lakini, ukiacha fundi na mkewe, hakuwahi kuoanisha jina hata moja na uso. Alisimama na mtaimbo wake mbele ya mkewe, mbele ya mgeni, mbele ya mtu aliyemjengea nyumba, na hakuwa na jina la tatu la kutaja. Katika maisha yake yote hakuwahi kujiona mdogo namna ile.

"Miaka minne," alisema Rosebella.

Crispus alikohoa. "Mwalimu, samahani. Basi laondoka kesho alfajiri, na mimi lazima niandike kitu. Tunatoboa au hatutoboi?"

Hapo Patroba aliiona tena ile karavani ya Changamwe, tusifiche. Aliyaona mapazia yake na kile kitanda kidogo pembeni, na ilimuuma kuiacha. Iliendelea kumuuma siku nyingi baadaye. Lakini alikwisha kuuweka mtaimbo chini.

"Andika hakuna hasara," alisema.

"Nikiandika hivyo huwezi kudai tena."

"Andika."

Crispus aliandika, akampa kalamu, naye akatia sahihi. Kisha Patroba akamgeukia Bwanamkuu, na alichotaka kukisema kilikuwa kirefu, amekipanga vizuri, kina mwanzo na mwisho. Kilichotoka ni kifupi.

"Fundi, nimekukosea. Nisamehe."

"Mbao umezikwaruza," Bwanamkuu alijibu, bado amenuna. Akapita mbele yake, akapiga magoti ukutani, akaanza kupapasa kwa kidole gumba pale mtaimbo ulipopita. Alipoona ni mikwaruzo tu, uso ulimkunjuka. Alimwonesha Crispus jinsi mataruma, zile mbavu za ndani, yalivyoshikana na mbao za nje, akaeleza kwa kirefu bila kuulizwa, na Crispus akatoa leso puani ili asikie vizuri.

Mwanamkisi alikuwa amekwisha panda ngazi. Alimtazama mtoto aliyelala, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akaridhika. Ndipo aliposema na Rosebella kwa sauti ya chini, wanawake wawili mlangoni.

"Mwanangu, kuna jambo moya. Chombo kikisimama, mwenyewe huwapikia walokivuta. Mumeo hakuwako. Watu hawajala."

"Hawajala," alirudia Rosebella, na kwa mara ya kwanza tangu Malindi uso wake ulionesha kitu. "Kwetu pia nyumba haiingiliwi hivi hivi. Nipe sufuria kubwa, Mama. Na Baba Kageha ataalika."

"Nitawaalikaje?" Patroba aliuliza. "Sijui..."

"Utabisha," mkewe alimkata. "Kila mlango. Ukirudi uniambie jina, na mlango uko wapi. Simpakulii mtu nisiyemjua."

Asubuhi yake Patroba alitoka karavanini akiwa amevaa shati la Jumapili. Crispus hakwenda na basi. Alisema ana kazi ya kumalizia, ila kazi yenyewe hakuna aliyeiona, isipokuwa kuchochea moto. Patroba alianza nyumba ya karibu, akasimama mlangoni, akagundua kwamba hajui hata asimame wapi. Akapiga hodi. Sauti ya ndani ikamwitikia "karibu," kama kwamba alikuwa akija kila siku.

Huyo ndiye aliyekuwa mwenye punda, na jina lake Jeilani. Punda wake ndio waliobeba magogo. Nyumba ya pili ilikuwa ya Badawi, mkata boriti, aliyeingia tope mpaka kifuani kufunga kamba. Badawi alikuwa na mbuzi, na alipoambiwa habari ya karamu alimfungua mmoja mwenyewe, akasema atamchinja yeye kwa mkono wake ili kila mtu ale bila wasiwasi. Mama wa kisimani aliitwa Bi Umulkheir. Ndiye aliyekaa juani na vitabu, akigeuza kurasa ambazo hakuweza kuzisoma, na alimuuliza Patroba kama kuna ukurasa uliopotea.

Kwenye duka, Kamaludin alipima mchele, akalipwa, akaumimina kwenye kikapu, kisha akaongeza kopo, kisha akaongeza jingine. Mkono wa Patroba ulikwenda mfukoni wenyewe.

"Hayo ya juu ni yangu," Kamaludin alisema. "Nachanga karamu."

Mkono ulibaki mfukoni. Patroba alisikia sauti ya ami yake ikianza kuhesabu matonge, akaingoja inyamaze, haikunyamaza. Akautoa mkono mtupu hivyo hivyo.

"Ahsante, Bwana Kamaludin," alisema.

Watu walikula adhuhuri, mikekani, kwenye kivuli cha ukuta wa mbao, na harufu ya pilau ikaizidi ya sifa. Kila sahani iliyotoka sufuriani, Rosebella alimtazama mumewe, na mumewe akataja jina. Alikosea mara moja, akamwita Badawi Jeilani, watu wakacheka na Badawi akacheka zaidi ya wote. Crispus alirudia pilau mara tatu. Bwanamkuu hakukaa sana mkekani. Alikuwa akiwazungusha watu nyuma ya karavani kuwaonesha kalafati, wengine wao wakiwa ndio hao hao walioishindilia.

Wageni walipokwisha kuondoka, Rosebella aliketi ngazini, mtoto kamlalia. Sanduku lilikuwa pale pale lilipotuliwa jana yake, limefungwa.

"Niambie tena," alisema.

Patroba aliketi kando yake, akanyoosha mkono. "Mlango ule chini ya paa la makuti mapya, wa Jeilani. Kwake kuna punda, usiku wowote utafika zahanati. Unaofuata, wa kijani, Badawi. Kisimani, Bi Umulkheir, usingizi wake ni mwepesi. Kamaludin hulala dukani. Na ule wa pwani, Fundi na Bi Mwanamkisi."

"Wa kijani ni wa nani?"

"Badawi."

Rosebella aliirudia milango yote kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, akionesha kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto. Hakukosea hata mmoja. Kisha akamsogeza mtoto begani. Patroba alingoja. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya tufani.

"Fungua hiyo kamba ya sanduku," mkewe alisema. "Khanga hii inanuka moshi, nataka kubadilisha."

Patroba alipiga magoti mchangani akaanza na fundo la juu. Lilikuwa gumu, akaliuma kwa meno, ikabidi Rosebella amngojee.